Nilipe Hela Nikamwone Ngedere?

Nilipomwambia mama mkwe kwamba Jumamosi tunaenda Saadani kuangalia wanyama na nafasi yake kwenye gari ipo, aliniangalia kama nimemtukana. Akaweka ungo wa mchele pembeni akasema, "Mama Salha, yani nilipe hela nikamwone ngedere? Huyu huyu aliyenilia mapapai juzi?" Afu akaushika ungo wake akaendelea kuchambua, mazungumzo yameisha.

Na ukweli ana hoja. Sisi tunakaa Bagamoyo njia ya kwenda Kaole, ngedere hapa ni kama majirani, wanapita ukutani asubuhi, wanaonja kila papai na hawamalizi hata moja. Mama mkwe kazaliwa Saadani kwenyewe, kijijini, kwahiyo wanyama kwake sio utalii, ni watu waliomsumbua tangu utoto.

Ila mimi nilikuwa na sababu yangu. Wiki ya kwanza ya likizo ya Juni, Nasri aliniuliza hivi mama, twiga anaongea Kiingereza? Nikacheka, nikaona anamaanisha kweli. Katuni zote anazoangalia wanyama wanaongea Kiingereza, kwahiyo kichwani kwake twiga ni mzungu fulani mrefu anaishi nje ya nchi. Mtoto kazaliwa Bagamoyo, hifadhi ya taifa ipo hapo juu tu ukishapita Makurunge, twiga yupo mpaka kwenye mkia wa ndege za Air Tanzania, na mwanangu anaona ni mgeni. Nikamwambia Baba Salha hili halikubaliki, tutafute gari.

Tukakodi Prado ya jirani na dereva wake. Usije ukadanganywa uende na gari la chini, udongo mweusi wa kule mvua ikinyesha kidogo tu unakamata tairi kama ugali, ndio maana tulisubiri masika yaishe kabisa. Mama mkwe mwenyewe Ijumaa jioni nikamkuta anapiga pasi dera, sikumuuliza kitu.

Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri, mimi, Baba Salha, mama mkwe, Salha miaka 8, Nasri 5, Yusra 3, na dereva. Chakula nilibeba chapati, mayai ya kuchemsha, mihogo ya kuchemsha (oda ya mama mkwe), ndizi, na juisi ya ukwaju lita mbili, na hiyo juisi ndio kosa kubwa kuliko yote niliyofanya siku hiyo nitaeleza mbele. Kitu cha akili nilichobeba ni poti ya Yusra. Baba Salha alinicheka wakati naiweka kwenye buti, mchana hakucheka tena.

Getini nikapata aibu ya kwanza. Pesa taslimu hawapokei, unapewa kontrol namba unalipia kwenye simu, na hili nilikuwa nalijua, nilikuwa nimeshaweka hela kabisa, ila nimeiweka kwenye laini iliyobaki nyumbani juu ya friji. Mama mkwe kuona tumeduwaa akafungua pindo la kanga akatoa noti zake zimekunjwa kunjwa, kijana wa getini akamwambia kwa heshima kabisa bibi hatupokei hizo. "Za Tanzania hizi," mama mkwe akamjibu. Kijana akacheka, Baba Salha akalipa yeye kwa simu yake huku ananiangalia kwa jicho la tutaongea nyumbani. Na hapo hapo ndio tukakumbuka kwamba mtoto chini ya miaka 5 anaingia bure, kuanzia 5 mpaka 15 analipa bei ya mtoto, na Nasri katimiza mitano mwezi wa tano. "Ungemchelewesha kidogo tu huyu," Baba Salha akaniambia.

Sasa nyie mnaopanga kwenda na watoto wadogo nawaambia mapema, lisaa la kwanza hatukuona kitu. Samahani, tuliona ngedere. Mama mkwe hakusema neno, alinigusa tu bega na kidole. Watoto walikuwa wamejaa matumaini ya kwamba ukishapita geti wanyama wamejipanga kama sare za shule, kumbe ni majani, vichaka, mikoche, vumbi, majani tena. Salha na Nasri wakaanza kugombania dirisha, Yusra akaanza "nataka nyumbani", dereva akaongeza sauti ya redio, mimi nikaanza kuhesabu hela tuliyotumia.

Afu mbung'o wakaingia.

Hawa inzi wa Saadani ukiwa hujawahi kukutana nao usiwadharau, wanang'ata juu ya nguo, na dume na jike wote wanakunywa damu sio kama mbu ambao ni jike tu. Dawa ya mbu tuliyojipaka wakaifanya kachumbari. Na mimi kwa ujuaji wangu nilimvalisha Nasri tisheti ya bluu iliyokolea ili asichafuke. Bluu na nyeusi ndio rangi zinazowaita mbung'o, hata mitego yao inashonwa kwa vitambaa vya rangi hizo hizo! Mtoto akawa mtego unaotembea. Mama mkwe akamvua tisheti, akamfunga kanga yake nyeupe nyeupe mpaka shingoni, akafunga vioo, akaanza kuwaua mmoja mmoja kwa kandambili, anawaviringisha kabisa chini ya soli maana yule ukimpiga kofi tu anaamka anaruka. Anaua huku anasimulia kwamba hawa ndio waliowashinda hata wenye ranchi. Ni kweli, kule Mkwaja kulikuwa na ranchi kubwa ya ng'ombe miaka mingi, ugonjwa wa mbung'o ukawa unawatesa, ikafungwa mwaka 2000, na ardhi yake sasa hivi ni sehemu ya hifadhi. Saadani yenyewe ilikuwa pori la akiba, imekuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005.

Sijui kama ni ile kuua mbung'o au nini ila kuanzia pale mama mkwe akachangamka. Akamwambia dereva, "Baba, punguza mwendo, unakimbilia wapi, mnyama hachungwi na gari." Afu akawaambia watoto waache kutafuta wanyama, watafute mavi.

Aisee. Sijawahi kuona watoto wanapata furaha ya namna ile. Bibi yao mwenyewe mcha Mungu kawaruhusu kusema neno mavi kwa sauti, kazi ikaanza. Mavi pale! Bibi mavi makubwa! Ya tembo yalikuwa katikati ya njia, mabonge, dereva akasimama pembeni yake, unaona kabisa vijiti na majani ndani kama hayajaliwa, maana tembo anakula kama kilo mia na hamsini kwa siku lakini tumboni kinasagika chini ya nusu. "Anakula kama Nasri," Salha akasema. Ya twiga sasa ndio yaliwashangaza, mnyama wote ule halafu anatoa vipunje kama kunazi. Kuna sehemu palikuwa na vijirundo vya vipunje vidogo kabisa, bibi akasema hapo ni choo cha paa, anarudi pale pale kila siku, "ana adabu kuliko nyinyi mnaokojoa bafuni."

Na mavi yalikuwa yanatupeleka, kwasababu ya twiga yalikuwa mabichi, na mbele kidogo kwenye kona wakawa wamesimama. Sita. Mmoja karibu na njia kabisa anavuta majani ya mgunga kwa ule ulimi wake mweusi mrefu, miba yote ile wala hajali. Dereva akazima gari. Kimya. Yusra ambaye alikuwa analia akanyamaza mdomo wazi. Twiga akatuangalia kwa juu, anatafuna, kama mama mwenye nyumba anayeangalia wapangaji wapya.

Nasri akanong'ona, "Mama, mbona haongei?"

Nikamwambia nayajua mawili matatu kuhusu twiga, kwamba shingo yote ile ina mifupa saba kama ya kwake, akaanza kujipapasa shingo akihesabu, ikawa minne, akaanza upya. Ila mimi nilikuwa namwangalia mama mkwe. Alikuwa kashika dirisha kwa mikono miwili. Nikamuuliza mama vipi, akasema, "Sikujua kama ana kope." Miaka sabini na kitu, kakua nao, na hajawahi kukaa karibu na mmoja kwa utulivu wa kumwangalia kope. Walikuwa wanawaona kwa mbali wakipita, na akili yote ipo shambani.

Baada ya hapo bahati ikafunguka. Kongoni kundi zima na zile sura zao ndefu za huzuni. Kuro, yule mwenye duara jeupe matakoni, Salha akasema kakalia ndoo ya chokaa na sijui kama kuna mtu ataweza kumwelezea vizuri zaidi. Tohe kwenye majani, mama mkwe ndio alimwona, sisi wote tulikuwa tunaangalia na hatuoni mpaka aliporuka. Majina yote alikuwa anayataja yeye, huyu kuro, yule pongo, dereva anaitikia tu ndio bibi. Watoto walikuwa wanawaita wote swala, na mimi kusema kweli na mimi pia.

Halafu ngiri wakakatiza njia, mama na watoto wanne, mikia juu. Bibi akasema haya hao ngiri. Salha akageuka kwa mshangao, "Bibi! Si ndio ile aliyofanyiwa babu operesheni?"

Gari lilisimama dakika nzima kwasababu dereva alishindwa kuendesha. Mama mkwe alicheka mpaka akajifuta machozi na mtandio, Baba Salha kageukia dirishani mabega yanatetemeka, ndio baba yake huyo tunayemzungumzia, Mungu amrehemu. Nasri akataka kujua ilikuwaje babu akawa na mnyama tumboni na mkia ulikuwa upande gani. Hatujamjibu mpaka leo.

Sasa juisi. Ndani ya hifadhi hushuki kwenye gari ovyo, unashuka sehemu zilizoruhusiwa tu. Lita mbili za ukwaju, watoto watatu, saa nne asubuhi. Mnaelewa. Poti ya Yusra ilitumika na watu watatu na mmoja wao hakuwa mtoto, sitataja jina ila ndiye aliyenicheka wakati naipakia. Kama unaenda na watoto beba poti yenye mfuniko, beba maji badala ya juisi, na nguo za kubadilisha zikae mbele sio kwenye buti.

Kwenye saa tano tukiwa tunaelekea upande wa bahari mama mkwe akamwambia dereva simama. Hakukuwa na mnyama. Kulikuwa na miembe mitatu mikubwa imejipanga katikati ya vichaka, na mnazi mmoja umekatika kichwa. Akaangalia kwa muda. Akasema, "Ukiona mwembe porini ujue palikuwa na mlango." Kumbe ndio maeneo waliyokuwa wanalima wakati yeye msichana, mihogo na mtama, watu walihama kidogo kidogo. Akawaonyesha watoto pale lilipokuwa dungu, kile kibanda cha juu ya nguzo cha kulindia shamba, yeye na kaka zake walikuwa wanalala juu yake msimu mzima, mchana wanafukuza nyani na ngedere, usiku nguruwe pori, wanagonga debe na kupiga kelele. "Shule ilikuwa lini?" Salha akauliza. Bibi akamjibu hiyo ndio ilikuwa shule.

Nasri akataka kujua kama alikuwa anaogopa. Akasema ngedere haogopwi. Na simba? Akasema twende zetu.

Mbele kidogo tu, wallahi sitii chumvi, njia ina mchanga laini na kwenye mchanga kuna nyayo, kubwa kama sahani ya chai. Baba Salha akasema hizo za mbwa wa kijijini. Mama mkwe akainamia dirisha akaangalia, sauti yake ikabadilika kabisa, "Mbwa anaandika kucha. Huyu kazificha. Fungeni vioo." Dereva akathibitisha, simba kapita usiku au alfajiri. Jamii ya paka, ukimtoa duma, hutembea kucha zimeingia ndani, mbwa na fisi kucha zao zinatokeza kwenye alama. Hatukumwona mwenyewe. Watoto walilalamika kidogo, mimi niliangalia mkono wa mama mkwe ulivyoshika kanga nikamwambia dereva asihangaike kumtafuta. Njia nzima hakumtaja kwa jina, alikuwa anasema yule bwana.

Kijijini Saadani tulifika mchana. Ni kijiji cha wavuvi kimezungukwa na hifadhi, mashua, kamba wa kuanikwa, bodaboda, maisha kama kawaida, wakati twiga yupo nyuma ya nyumba. Baba Salha hapo akapata nafasi ya kuwaambia watoto habari za Bwana Heri wa Saadani aliyepigana na Wajerumani mwaka 1889, walimsikiliza kama dakika moja na nusu. Mama mkwe alipotelea kwa ndugu zake, tukampata baada ya lisaa akiwa na mfuko wa kamba na habari za misiba yote ya miaka mitatu.

Ufukweni tulikula. Hii ndio hifadhi ya taifa ambayo pori linashuka mpaka Bahari ya Hindi, kuna watu wamewahi kuwapiga picha tembo wakitembea mchangani, sisi tuliona kaa. Kaa wale weupe wanaokimbia upande upande wakaingia shimoni. Yusra aliwakimbiza mpaka akachoka akalala. Upande wa Madete kasa wa kijani wanatoka baharini usiku kutaga, mayai mia na zaidi kwenye shimo moja, yanakaa kama miezi miwili, na joto la mchanga ndio linaamua watatoka wa kike au wa kiume. Hii ilimgusa Salha kuliko simba na tembo wote, akauliza sasa mama yao anarudi lini. Harudi. Akakaa kimya muda mrefu, nikajuta kidogo.

Boti ya Mto Wami tuliiacha. Kuna viboko na mamba na watu wanasema ni nzuri sana, ila mtoto wa miaka mitatu anayeinamia kila ndoo ya maji sitampandisha kwenye boti juu ya mamba, watakua tutarudi.

Saa kumi na mbili jioni unatakiwa uwe umetoka, tukatoka saa kumi na moja, watoto wote wamelala na vumbi mpaka kwenye kope. Nyumbani usiku nilikuwa jikoni namenya wale kamba, mama mkwe akaja akakaa kwenye mbuzi ya kukunia nazi, akanieleza kwanini kwao debe lilikuwa linaning'inizwa mlangoni na sio dunguni peke yake, na nani alitoka usiku mmoja bila debe. Hiyo alikuwa haiwezi kuisema mbele ya watoto na mimi pia sitaiandika hapa. Alipomaliza akaniuliza, "Kwahiyo wazungu wanalipa kumwona yule bwana?" Nikamwambia wanalipa sana mama, kwa dola. Akatikisa kichwa akaendelea kumenya.

Jumanne ngedere wakarudi. Mkubwa mmoja na wenzake wawili, juu ya mpapai, lile papai ambalo mama mkwe alikuwa amelifunga na kiroba kabisa. Akatoka na fimbo na sufuria, anagonga, anatukana, yani dungu limerudi. Nasri akatoka mbio uchi toka bafuni, povu mwili mzima, akasimama katikati na mikono kaitanua:

"Bibi usimpige! Tumeshamlipia!"

Mama mkwe akasimama na fimbo yake hewani. Akamwangalia Nasri, akamwangalia ngedere ambaye alikuwa anatafuna bila haraka.

"Kama tumemlipia," akasema, "basi na yeye alipe papai langu."

Na akamrushia kandambili.